Dubu Asiyeoga: Visa vya Nyota vya Wagiriki Vikisomwa Chini ya Anga Letu

Katikati ya mwezi Machi, muda mfupi baada ya swala ya isha, simama ufukweni Dar es Salaam au Bagamoyo utazame kaskazini-mashariki, kule maji yanakokutana na mbingu. Mawingu ya masika yakiwa bado hayajatanda, utaona nyota nne zilizojipanga kama bakuli, juu kidogo tu ya bahari. Vuta subira. Nyuma ya bakuli hilo zitatoka majini nyota nyingine tatu, moja baada ya nyingine, mithili ya mkia. Huyo ndiye Dubu Mkubwa wa Wagiriki wa kale, na ulichokiona ni dubu anatoka kuoga. Kwa Wagiriki wenyewe, jambo hilo halikuwezekana.

Mashairi ya Homer, yaliyotungwa karibu miaka 2,700 iliyopita, yanalitaja mara mbili. Katika Iliad, mhunzi wa miungu Hephaestus anapofua ngao ya Achilles, anaichora nyota: Kilimia, Orion, na Dubu ambaye watu humwita pia Gari, na ambaye peke yake hana fungu katika maji ya Oceanus. Katika Odyssey, Odysseus anaondoka kwenye kisiwa cha Calypso kwa chombo alichokiunda kwa mikono yake, naye ameagizwa amweke dubu huyo mkono wa kushoto safari nzima, yaani ashike mashariki. Oceanus kwao ulikuwa mto mkuu ulioizunguka ardhi yote, na nyota nyingine zote huzama humo na kuibuka. Dubu tu ndiye haogi.

Kwa nini haogi? Hapo ndipo kinapoingia kisa.

Callisto alikuwa binti wa Lycaon, mfalme wa Arcadia, nchi ya milima katikati ya Peloponnesos. Alikuwa miongoni mwa wasichana waliowinda pamoja na mungu wa kike Artemis, wakiwa wameapa kutomjua mwanamume. Zeus, mfalme wa miungu, akamtamani. Akajigeuza sura ya Artemis mwenyewe ili apate kumkaribia, akamnajisi. Mimba ilipodhihirika siku wasichana walipovua nguo kuoga kijitoni, Artemis akamfukuza. Akajifungua mtoto wa kiume, Arcas, na hapo Hera, mke wa Zeus, akamshika nywele, akambwaga chini na kumgeuza dubu. (Zeus hakuguswa. Katika visa hivi haguswi kamwe, na ukivisoma vingi kwa mfululizo unaanza kuchoka na jambo hilo.) Arcas alipofika miaka kumi na mitano hivi akakutana msituni na dubu aliyemkazia macho kama anayemfahamu. Akainua mkuki. Kabla hajarusha, Zeus akawanyakua wote wawili na kuwaweka mbinguni, mama akiwa Dubu na mwana akiwa mlinzi anayemfuata nyuma. Nyota kubwa ya rangi ya chungwa iliyo nyuma ya mkia wa dubu bado inaitwa Arcturus, maana yake mlinzi wa dubu.

Ovid, mshairi wa Roma aliyeikusanya hadithi hii katika kitabu cha pili cha Metamorphoses, anaongeza mwisho mmoja. Juno, ambaye ndiye Hera kwa jina la Kirumi, aliona hawara wa mumewe amepandishwa cheo badala ya kuadhibiwa. Akaenda kwa Oceanus na mkewe Tethys, waliomlea tangu utotoni, akawasihi wasimruhusu mwanamke yule kuyachafua maji yao. Wakakubali. Ndiyo maana Dubu huzunguka usiku kucha bila kushuka majini.

Sasa waondoe miungu, ubaki na jiometri. Mtu aliye Athens yuko nyuzi 38 kaskazini ya ikweta, na kwake ncha ya kaskazini ya mbingu imeinuka nyuzi 38 juu ya upeo wa macho. Nyota yoyote iliyo karibu na ncha hiyo huizunguka bila kuzama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha hiyohiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho, na kila nyota inayoizunguka lazima izame na kuchomoza. Juno angeishi Zanzibar, kwenda kulalamika kwa Tethys kusingemfaa kitu, maana hapa kila mtu anaona kwamba dubu huoga kila siku.

Kwangu mimi hii ndiyo njia nzuri ya kuingia katika visasili vya nyota vya Wagiriki na Warumi. Watu wengi huvisoma kama hadithi za mapenzi na kisasi zilizobandikwa angani ili kupamba. Vingi ni zaidi ya hapo. Vinaeleza mwendo wa mbingu jinsi unavyoonekana kutoka mahali fulani duniani, kwa namna ambayo mchungaji au baharia asiyejua kusoma angeweza kuikumbuka. Na njia rahisi ya kuona hivyo ni kuvipeleka mahali visipofanya kazi, kama hapa kwetu.

Picha ilitangulia, kisa kikafuata

Anayeanza kusoma visa hivi hukwama mapema, kwa sababu havikubaliani. Wengine wanasema ni Artemis aliyemgeuza Callisto, wengine ni Zeus mwenyewe aliyetaka kumficha. Wapo wanaodai dubu wa angani ni wale waliomlea Zeus mchanga pangoni kisiwani Krete, na Callisto hayumo kabisa. Usipoteze muda kutafuta toleo sahihi. Picha za nyota zilikuwepo tayari, na kila mji ulizipa kisa kutoka ghala lake.

Ushahidi mzuri tunao kwa Aratus, mtu wa Soli katika Uturuki ya leo. Mnamo 275 KK, akiwa katika baraza la mfalme Antigonus wa Makedonia, alitunga shairi liitwalo Phaenomena. Alichofanya ni kuchukua maelezo ya mwanahisabati Eudoxus wa Cnidus, aliyeishi karne moja kabla yake, na kuyatia katika mizani ya kishujaa. Shairi lilipendwa kupita kiasi. Cicero alilitafsiri kwa Kilatini akiwa kijana. Hata wasomaji wa Biblia wamekutana nalo bila kujua: Paulo anaposimama Areopago katika Matendo 17:28 na kuwaambia Waathene kwamba mshairi wao mmoja alisema sisi tu wazao wake, anaunukuu mstari wa Aratus, ambao asili yake ulimhusu Zeus.

Basi huyu Aratus anafika kwenye kundinyota moja lenye umbo la mtu aliyepiga goti, mikono ameinyosha, naye anakiri waziwazi kwamba hakuna ajuaye mtu huyo ni nani wala anahangaikia kazi gani. Wanamwita tu Aliyepiga Magoti. Picha ipo, kisa hakuna. Baadaye kidogo pengo lilizibwa: akawa Heracles, shujaa wa zile kazi kumi na mbili, na kwa kuwa mguu wake uko juu ya kichwa cha Joka, ikaonekana dhahiri kwamba anapigana nalo. Lakini jina la kale halikufa. Nyota yake ya kichwani inaitwa Rasalgethi, kutoka Kiarabu ra's al-jathi, na msomaji wa Kiswahili anayejua rasi ni nini hatapata tabu na nusu ya kwanza. Ni kichwa cha aliyepiga magoti.

Mfano mwingine ni mnyama ambaye nusu ni mbuzi na nusu ni samaki, yule anayeitwa Jadi katika buruji, yaani yale makundi kumi na mbili ya unajimu. Wagiriki walieleza kwamba mungu Pan, mwenye miguu ya mbuzi, alipomkimbia zimwi Typhon alijitosa mtoni huko Misri akiwa bado anajigeuza, na kilichokuwa majini kikawa samaki. Ni kisa cha kuchekesha na kimekaa vizuri. Tatizo ni kwamba Wababeli walikuwa na mbuzi-samaki wao angani karne nyingi kabla, akiwa mnyama wa Ea, mungu wa maji matamu. Simba, Ng'ombe, Mapacha na Nge nao wamo katika vibao vya udongo vya Mesopotamia. Wagiriki walipokea picha kutoka mashariki, na kwa kuwa hawakupokea hadithi zake, wakatunga zao. Yule anayefungua gazeti kusoma nyota yake ya Nge au Mashuke anasoma, kwa sehemu kubwa, urithi wa Iraki.

Majirani hawakosi ugomvi

Ukishajua kwamba picha ilitangulia, unaelewa kwa nini makundinyota yaliyopakana hupewa kisa kimoja. Chukua Kunguru, Kikombe na Nyoka wa Majini, ambao wamekaa pamoja upande wa kusini. Apollo alimtuma kunguru akamchotee maji ya tambiko kwa kikombe. Njiani kunguru akauona mtini, matunda yake hayajaiva, akakaa chini yake siku kadhaa akingoja. Aliposhiba akakumbuka alichotumwa, akamnyakua nyoka wa majini na kurudi naye akidai ndiye aliyemzuia kisimani. Apollo hadanganyiki. Akawatupa wote watatu angani: kunguru amekaa mgongoni mwa nyoka, kikombe kimejaa hapo hapo jirani, naye hakifikii. Kundi la nyota hafifu ambalo hakuna mtu angejisumbua kulikumbuka likawa halisahauliki tena.

Ukoo wa Cassiopeia ndio mkubwa kuliko yote, makundinyota sita yaliyofungwa kwa kisa kimoja. Cepheus alikuwa mfalme wa Aithiopia na Cassiopeia mkewe. Malkia akajigamba kwamba yeye, au bintiye Andromeda, matoleo yanatofautiana, anawazidi uzuri binti za bahari. Poseidon, mungu wa bahari, akaleta mafuriko na mnyama wa kutisha kuiharibu pwani. Mganga wa Ammon akasema dawa ni moja, Andromeda atolewe kafara. Akafungwa kwa minyororo mwambani. Shujaa Perseus akapita angani akitokea kumuua zimwi Medusa, kichwa chake kikiwa mfukoni, akamuua mnyama na kumwoa binti. Wote wamo mbinguni: mfalme, malkia, binti, shujaa, mnyama Cetus, na farasi Pegasus aliyezaliwa kutokana na damu ya Medusa.

Aithiopia hiyo si lazima iwe Ethiopia ya leo. Kwa Homer, Aithiopes ni watu wa sura zilizoungua kwa jua wanaoishi kwenye kingo mbili za dunia. Wengine walikihamishia kisa Joppa, ambayo ni Jaffa ya Palestina, na Pliny, mwandishi wa Roma, anasimulia kwamba Marcus Scaurus alileta Roma kutoka huko mifupa ya yule mnyama, urefu wake futi 40, watu wakaenda kuitazama. Yaelekea ilikuwa ya nyangumi. Lakini Ovid hakuwa na shaka na rangi ya Andromeda: katika barua ya Sappho ndani ya Heroides anamwita mweusi kwa rangi ya nchi yake, na anasema Perseus alimpenda hivyo. Wachoraji wa Ulaya walioifanyia kazi hadithi hii kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa wamemsoma Ovid, walimpaka rangi nyeupe kama chokaa.

Kisa kinaeleza vilevile tabia ya malkia angani. Cassiopeia amekaa kitini karibu na ncha ya kaskazini, na kwa mtazamaji wa Ugiriki kuna saa ambapo kiti kinapinduka na yeye huning'inia kichwa chini. Hiyo ndiyo adhabu ya majivuno. Aratus anasema huenda kichwa mbele kama mpiga mbizi. Ukimtazama kutoka kwetu mwezi Novemba au Desemba, akiwa chini upande wa kaskazini katika umbo linalofanana na herufi M, utagundua kwamba hukumu haitekelezwi. Huchomoza kiubavu, husimama kichwa juu, huzama kiubavu upande wa pili. Nusu ya mzunguko ambayo angepinduliwa iko chini ya upeo wa macho, hatuioni.

Katika mkono wa Perseus, kwenye kile kichwa cha Medusa, kuna nyota iitwayo Algol, ra's al-ghul, kichwa cha zimwi. Kila baada ya siku 2 na saa 21 kasoro dakika chache hufifia kwa saa kadhaa kisha hurudi. Kijana kiziwi wa Uingereza, John Goodricke, alipima mzunguko huo mwaka 1783 akiwa na miaka 18 na kupendekeza kwamba kuna kitu kinachopita mbele yake. Leo tunajua ni nyota mbili zinazozibana. Inavutia kufikiri kwamba watu wa kale waliweka jicho la zimwi hapo kwa sababu walishaona linapepesa, ila hakuna andiko lao la nyota linalosema hivyo.

Maadui wasiokutana, ila kwetu

Orion, ambaye Waarabu walimwita al-Jabbar na Kiswahili kina Jabari, alikuwa mwindaji jitu. Kuna kisa kinachosema alijisifu kwamba atawamaliza wanyama wote wa ardhini, na Dunia mwenyewe akamtoa nge kumkomesha. Aratus anasema kosa lake lilikuwa kumshika Artemis vazi kisiwani Chios. Visa hivi viwili vinakubaliana kuhusu nge, na sababu ni kwamba Orion na Nge wamekaa karibu pande mbili zinazotazamana za mbingu. Nge anapoinuka mashariki mwa Ugiriki, Orion anazama magharibi, na inaonekana kabisa kwamba mwindaji anakimbia.

Jaribu kulithibitisha hilo Tanga au Mtwara mwishoni mwa Machi, mnamo saa tano usiku. Orion amelala ubavu magharibi, mkanda wake wa nyota tatu ukiwa bado juu ya upeo wa macho. Geuka nyuma. Kusini-mashariki, Antares, moyo mwekundu wa Nge, umeshapanda kimo kilekile. Wako wote wawili uwanjani, wanatazamana kwa saa nzima na zaidi. Nge ni kundinyota la kusini, na kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta linachomoza kwetu mapema kuliko linavyochomoza Ugiriki. Sijui kisa kimoja cha Kigiriki kinachosimulia pambano hilo, na hakingeweza kuwepo, kwa maana hawakuliona.

Penye Kilimia hali ni tofauti. Hapo mwendo wa nyota unalingana na kazi za watu pande zote mbili. Kwa Wagiriki hizi ni binti saba za Atlas, zinazokimbizwa na Orion usiku kucha bila kukamatwa. Macho ya kawaida huona sita, na kisa kikaundwa kwa ajili ya ile ya saba: ni Merope, anayejificha kwa aibu kwa kuwa yeye peke yake aliolewa na binadamu, Sisyphus, au ni Electra aliyejifunika uso asiuone mji wa Troya ukiteketea. Lakini Hesiod, mkulima-mshairi wa Boeotia karibu mwaka 700 KK, hakuwa na habari na aibu za mtu. Anamwambia ndugu yake mvivu: binti za Atlas zinapochomoza, anza kuvuna, zinapozama, anza kulima, siku arobaini katikati hazionekani. Jina letu Kilimia linatokana na kulima, na methali ya pwani inasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hakuna haja ya kudhani mmoja alimwiga mwenzake. Kundi dogo linalotoweka wiki kadhaa kila mwaka na kurudi kwa wakati uleule ni kalenda, na yeyote mwenye jembe ataitumia.

Jahazi lenye nusu

Jason na mashujaa wenzake waliosafiri hadi Colchis, Georgia ya leo, kuleta ngozi ya dhahabu ya kondoo, walipewa jahazi lao Argo angani, chini kabisa upande wa kusini. Aratus anaona jambo la ajabu: linakwenda tezi mbele, kama chombo ambacho mabaharia wamekigeuza ili kukipandisha bandarini, na kuanzia mlingoti kuelekea omo hakina kitu. Ni nusu ya jahazi.

Kwenye usukani wake kuna Canopus, nyota ya pili kwa mwanga usiku baada ya Sirius. Mabaharia wetu waliijua kwa jina la Suheli, na neno hilo likawa pia jina la upande wa kusini. Mtu wa Athens haioni. Mtu wa kisiwa cha Rhodes huiona ikigusa tu upeo wa macho na kuzama. Aleksandria hupanda kidogo. Posidonius, mwanafalsafa wa karne ya kwanza KK, aliitumia tofauti hiyo kupima dunia: akasema Aleksandria nyota hupanda sehemu moja ya 48 ya duara zima, na kama miji hiyo miwili imeachana stadia 5,000 (kipimo cha urefu cha Wagiriki), basi mzingo wa dunia ni stadia 240,000. Hesabu ilikuwa na kasoro zake, njia ilikuwa safi. Dar es Salaam Canopus hupanda hadi karibu nusu ya mbingu, na jahazi lote huonekana likielea bila kugusa chini.

Jambo lingine linalovuruga ramani ya Wagiriki ni mhimili wa dunia. Huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, duara moja kwa takriban miaka 26,000, na Hipparchus ndiye aliyeligundua hilo karne ya pili KK. Kwa sababu hiyo, wakati wa Homer ncha ya mbingu ilikuwa karibu zaidi na Dubu, na nyota zake saba zote zilibaki juu. Leo, hata Athens, nyota ya mwisho ya mkia hugusa chini. Agizo la Juno linaanza kulegea kwao pia. Na nyota za Msalaba wa Kusini, ambazo mwanaastronomia Ptolemy wa Aleksandria aliziona karne ya pili BK na kuzihesabu kama miguu ya Kentauri, sasa karibu hazionekani tena kutoka huko.

Nywele za malkia, na kiti cha Kaisari

Kundinyota moja tunajua lilivyozaliwa, karibu hadi mwaka wenyewe. Mnamo 246 KK Ptolemy III wa Misri alikwenda vitani Syria, akimwacha mkewe mpya, Berenice wa Cyrene. Malkia akaweka nadhiri: mume akirudi salama, atazitoa nywele zake kwa Aphrodite. Akarudi. Nywele zikakatwa na kuwekwa hekaluni Zephyrium, karibu na Aleksandria. Kesho yake hazipo. Unaweza kukisia hali ya walinzi wa hekalu. Ndipo Conon wa Samos, mnajimu wa ikulu, akamwonyesha mfalme kundi la nyota hafifu karibu na mkia wa Simba: hizo hapo, mungu amezipokea. Callimachus akalitungia shairi ambalo nywele zenyewe ndizo zinazosimulia, zikililia kichwa zilikotoka, na Catullus akaliweka katika Kilatini. Yeyote aliyewahi kuishi karibu na wakubwa atamwelewa Conon bila kufafanuliwa. Nyota zile zilikuwepo siku zote. Walichopata usiku ule ni jina.

Warumi waliujifunza ustadi huo. Mwaka 44 KK kimondo chenye mkia kilipoonekana siku za michezo ya kumkumbuka Julius Caesar, ikatangazwa kuwa ni roho yake ikipaa. Virgil, katika Georgics, anamtafutia Augustus mahali angani angali hai: Nge, anasema, tayari anayakunja magando yake kukupisha. Ndani ya mzaha huo wa heshima kuna habari ya kweli. Wagiriki waliiona sehemu ile kama magando ya Nge. Wababeli walikuwa na mizani hapo, na Warumi, watu wa sheria, waliirudisha. Nyota kuu za Mizani bado zina majina ya Kiarabu yanayomaanisha gando la kusini na gando la kaskazini.

Mengine ya Warumi ni machache kuliko watu wanavyodhani. Walitafsiri majina, na kwa kuwa Kilatini ndicho kilichobaki lugha ya wasomi wa Ulaya, dunia yote ikasema Ursa Major badala ya Arktos. Picha yao wenyewe ya Dubu ilikuwa ya shambani, ng'ombe saba wa kulimia, septem triones, na kutoka hapo Waitaliano hadi leo huita kaskazini settentrione.

Orodha iliyodumu ni ya yule Ptolemy mwanaastronomia, makundinyota 48, katika kitabu ambacho jina lake Almagest limepitia Kiarabu kwa sababu waliokitunza na kukisahihisha ni wanazuoni wa Baghdad na miji mingine ya Waislamu. Wao ndio waliozipa nyota majina kulingana na kiungo cha mwili kwenye picha ya Mgiriki: Rigel ni mguu wa Orion, Denebola mkia wa Simba, Fomalhaut mdomo wa Samaki wa Kusini. Buruji zao zikafika pwani yetu, na maneno yake yakapata kazi nyingine. Akrabu, nge, akawa mshale wa saa. Saratani, kaa aliyesagwa kwa mguu na Heracles, ni ugonjwa, kama ambavyo karkinos ya Wagiriki ilikuwa kaa na ugonjwa kwa neno moja.

Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikubaliana mwaka 1922 juu ya makundinyota 88. Mengi ya yale yaliyoongezwa juu ya 48 ya Ptolemy yako kusini, ambako Mgiriki hakufika kuona. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akapima nyota karibu 10,000, na sehemu tupu akazijaza kwa vifaa vya karne yake. Jahazi la Argo naye ndiye aliyelipasua mkuku, tezi na matanga, kwa kuwa lilikuwa kubwa mno kushughulikiwa. Kwa hiyo Desemba usiku wa manane, Orion akiwa utosini, ukishuka kwa macho kuelekea kusini unawaacha wawindaji na malkia nyuma, na kinachofuata huko chini ni tanuri na saa ya ukutani. Karibu na ncha ya kusini aliweka kundinyota hafifu alilolipa jina la Mlima wa Meza wa Cape Town, ambao kila siku alifanya kazi chini yake. Pembezoni mwake limetanda Wingu Kubwa la Magellan, jeupe, kama lile linalofunika mlima wenyewe upepo wa kusini-mashariki unapovuma.